Kuandaa gari kwa ukaguzi: anza wiki tatu kabla, na ufuate mpangilio wa kazi

#1 — Mwanzisha uzi

Ndugu wadau, salaam. Naanzisha uzi huu kwa sababu nimeona wamiliki wengi wa magari wakijiandaa kwa ukaguzi kwa namna ileile: gari linaoshwa jana yake, globu iliyoungua inabadilishwa asubuhi, na yaliyobaki yanaachwa kwa bahati. Mimi si mkaguzi wala sina gereji. Ni mtu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitengeneza magari yake mwenyewe, amewahi kurudishwa na wakaguzi zaidi ya mara moja, na kila mara aliporudishwa alikwenda kutafuta sababu hadi akaipata. Nilichojifunza ni kwamba gari lililo katika hali ya wastani hurudishwa mara nyingi kwa sababu kazi zimefanywa kwa kuchelewa au zimefanywa kwa mpangilio mbaya, hata pale ambapo mwenyewe ametumia fedha za kutosha.

Wiki tatu si nyingi. Ukifungua gurudumu ili uangalie pedi za breki, unaweza kukuta mpira unaozuia vumbi umepasuka. Kipuri kinaweza kuchelewa kufika. Pedi mpya zinahitaji kutembea kilomita kadhaa kwa breki za upole ili zikae vizuri kwenye diski. Kompyuta ya gari nayo, nitakayoieleza kwa urefu hapa chini, haikubali kuharakishwa na mtu.

Mpangilio ninaoufuata ni huu: tairi na miguu ya gari (springi, shokapu na viungo vinavyoshika magurudumu) kwanza, kisha breki, kisha injini na moshi, halafu alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, na taa za mbele mwisho kabisa. Taa nimeziweka mwisho kwa sababu mwelekeo wake unategemea urefu wa gari kutoka ardhini. Ukizirekebisha leo, kesho ukabadilisha springi au ukaongeza upepo kwenye tairi zilizokuwa zimelegea, kazi ya jana imepotea.

Tuanze na tairi. Katika nchi nyingi kina cha chini kabisa cha mifereji kinachokubalika kwa gari dogo ni milimita 1.6, na watengenezaji wameweka vijiti vidogo vya mpira ndani ya mifereji kwa urefu huohuo, hivyo tairi likilingana na vijiti hivyo limekwisha. Pima sehemu tatu kwa upana wake: ndani, katikati na nje. Tairi lililolika katikati limeendeshwa na upepo mwingi kupita kiasi. Lililolika pande zote mbili limeendeshwa na upepo kidogo. Lililolika upande mmoja tu linakueleza kwamba alaimenti imepotea au bushi, zile mipira ya kwenye viungo vya miguu, zimechoka. Na lenye mabonde mabonde linaelekeza kidole kwenye shokapu. Kwa maneno mengine, tairi lisome kabla hujalitupa, kwa sababu ukifunga tairi jipya kwenye mguu uleule mbovu utalipia tairi mara mbili. Angalia pia ubavuni kama kuna uvimbe, kwa maana uvimbe huo ni nyuzi za ndani zilizokatika na hakuna kiraka kinachoutibu. Umri wake unausoma katika tarakimu nne zilizogongwa ubavuni: 3521 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2021.

Kwa miguu ya gari, inua gurudumu kwa jeki, weka stendi imara chini ya gari, na usiingize mwili wako chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini, lisukume na kulivuta. Ukisikia mchezo, mwombe mtu akanyage breki huku ukirudia zoezi hilo: mchezo ukipotea, tatizo ni beringi, ukibaki, tatizo ni boljointi (kiungo cha duara cha mguu) au bushi. Kisha shika kushoto na kulia. Mchezo wa upande huo kwa kawaida hutoka kwenye tairodi, yaani fimbo inayosukuma gurudumu likate kona, au kwenye raki ya steringi inayoisukuma fimbo hiyo. Njia nzuri zaidi ya kukagua tairodi ni kulishusha gari chini, mtu mmoja akatikisa usukani kidogo kidogo huku na kule, na mwingine akaweka vidole juu ya kiungo, kwa sababu vidole huhisi mchezo ambao macho hayauoni. Ukiwa hapohapo, tazama mipira inayofunika viungo vya ekseli. Mpira uliopasuka unamwaga grisi na kuingiza mchanga, na ukiuwahi unabadilisha mpira tu badala ya kiungo kizima.

Breki ndizo nitakazokaa nazo zaidi, kwa kuwa ndizo zinazowashangaza watu. Mtu anasema gari lake linasimama vizuri, na ni kweli linasimama, lakini mashine ya ukaguzi yenye rola hupima nguvu ya kila gurudumu peke yake, kitu ambacho mguu wako juu ya pedali hauwezi kukuambia. Katika kanuni za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, breki za gari dogo zinatakiwa kufikisha ufanisi wa asilimia 58 kwa magari yaliyosajiliwa kuanzia mwaka 2012 na asilimia 50 kwa mengi ya kabla ya hapo, breki ya mkono asilimia 16, na tofauti kati ya gurudumu la kushoto na la kulia la ekseli moja haitakiwi kuzidi asilimia 30. Hiyo tofauti ya kushoto na kulia ndiyo inayowarudisha wengi. Breki ya gurudumu moja inaweza kuwa dhaifu kwa sababu pini zinazomwezesha mshikaji wa pedi kuteleza zimekauka, au pistoni imeshika kutu, au bomba la mpira limevimba kwa ndani na kubana mafuta, au mafuta yamevujia kwenye pedi. Ukibadilisha pedi peke yake bila kusafisha na kupaka pini grisi yake maalumu, umebadilisha kitu ambacho pengine hakikuwa na kosa.

Uchunguzi wa nyumbani upo. Endesha gari kwa dakika kumi na tano hivi bila kukanyaga breki sana, simama, kisha pima joto la kila diski kwa kipimajoto cha kuelekezea. Usiguse kwa mkono. Diski iliyo moto kuliko mwenzake wa ekseli hiyohiyo ina breki inayobana muda wote. Rudia safari, safari hii ukifunga breki mara kadhaa kwa nguvu mahali salama, na diski itakayobaki baridi kuliko mwenzake ndiyo isiyofanya kazi yake.

Breki ya mkono huharibika kwa kutotumiwa. Wenye gari la gia za otomatiki huweka gia ya kuegesha na kuisahau breki ya mkono mwaka mzima, kebo zikakauka ndani ya ala zake. Anza kuitumia leo, kila unapoegesha. Ikihitaji kurekebishwa kwenye breki za ngoma, rekebisha kwanza umbali wa viatu vya breki ndani ya ngoma, ndipo ukaze kebo, kwa sababu kebo iliyokazwa ili kufidia viatu vilivyolegea itaonekana nzuri kwa siku chache na kisha kurudi ilikokuwa.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango cha chini kinachokubalika kushuka ni nyuzi 155. Kwa DOT 3 ni nyuzi 205 na 140. Kama hukumbuki yalibadilishwa lini, yabadilishe. Usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni na haipatani na hizo nyingine, ingawa jina linafanana.

Sasa injini. Gari la petroli linapopimwa moshi, gesi hupimwa injini ikiwa katika mzunguko wa kawaida wa kusimama na tena ikiwa imeongezwa mzunguko. Masega yaliyomo ndani ya bomba la moshi ndiyo yanayosafisha gesi hizo, nayo hayafanyi kazi ipasavyo mpaka yafikie joto la nyuzi 300 hivi. Gari zima kabisa linaweza kushindwa kwa sababu tu limesubiri foleni nusu saa injini ikiwa imezimwa. Majibu yakionesha monoksidi ya kaboni nyingi, injini inapewa petroli kuliko hewa: tazama filta ya hewa, sensa ya oksijeni na nozeli (vinyunyizio vya petroli) zinazovuja. Yakionesha haidrokaboni nyingi, kuna petroli inayopita bila kuungua, na mashaka yaende kwenye plagi na koili. Yakionesha hewa nyingi kupita kiasi, angalia kwanza kama bomba la moshi limetoboka, kwa kuwa tundu dogo huvuta hewa ya nje na kuichanganya na gesi inayopimwa.

Nawasihi pia msikimbilie kununua masega mapya. Masega mara nyingi huuawa na ugonjwa mwingine: injini inayokosa mlipuko katika silinda moja hupeleka petroli mbichi kwenye masega, petroli hiyo huungulia humo, na masega huyeyuka. Ukifunga mapya bila kuponya ugonjwa ule, nayo yatakufa vilevile.

Nimalizie na kompyuta. Nilikuwa na gari lililowasha taa ya injini kwa sababu ya sensa ya oksijeni. Nilibadilisha sensa jioni, nikafuta kosa kwa mashine, taa ikazimika, na asubuhi yake nikalipeleka gari kwenye ukaguzi nikiwa na uhakika. Lilirudishwa. Matengenezo yangu yalikuwa sahihi kabisa, lakini nilipofuta kosa nilifuta pia kumbukumbu ya majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe, ya masega, ya sensa, ya mvuke wa tangi na mengineyo. Mkaguzi alipochomeka mashine yake alikuta majaribio hayo hayajakamilika, na kwake gari lisilokamilisha majaribio ni gari ambalo haliwezi kuthibitishwa. Nchini Marekani, ambako mfumo huu wa kompyuta kujipima umekuwa wa lazima kwa magari madogo ya kuanzia mwaka 1996, mwongozo wa serikali huruhusu jaribio moja tu lisilokamilika kwa magari ya petroli ya mwaka 2001 na kuendelea. Kwa hiyo futa makosa wiki mbili kabla, kisha endesha gari maisha ya kawaida: liwashe likiwa limelala usiku kucha, liache linguruma kidogo, litembeze mjini, lipeleke barabara kuu kwa mwendo usiobadilika kwa robo saa, liache lipunguze mwendo lenyewe bila breki. Tangi lisiwe tupu wala lisijae, kwa kuwa jaribio la mvuke hukataa kuanza katika hali hizo mbili. Kifaa kidogo cha kusomea makosa kitakuonesha majaribio yaliyokamilika na yanayosubiri.

Karibuni kwa maswali, na mwenye uzoefu tofauti anirekebishe.

#2 — Mgeni wa magari

Shukrani nyingi, mkuu, kwa maelezo yaliyoshiba. Nina maswali mawili. La kwanza, nilinunua globu za LED nikazifunga kwenye taa kubwa zilizokuwa na globu za kawaida, na barabarani naona vizuri zaidi, je, zitanikwamisha? La pili, taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigande unapofunga breki kwa nguvu) kwenye dashibodi inawaka muda wote lakini breki zinashika. Fundi mmoja amenishauri aitoe ile globu ya dashibodi ili isionekane.

#3 — Mwanzisha uzi

Karibu sana, ndugu. Nianze na la pili kwa sababu ni zito zaidi. Mkaguzi anapogeuza ufunguo hutazama mambo mawili: taa ya ABS iwake kwanza, kisha izimike. Taa isiyowaka kabisa ni kosa kama ile isiyozimika, na mkaguzi mwenye uzoefu huigundua ndani ya sekunde chache. Zaidi ya hapo, huyo fundi anakuondolea taarifa unayoihitaji wewe na watu unaowabeba. Mara nyingi chanzo ni sensa ya gurudumu iliyojaa uchafu wa chuma, au waya wake uliokatika pale unapojikunja gurudumu linapokata kona. Soma kosa kwa mashine, litakutajia gurudumu, na uanzie hapo. Inawezekana kabisa kwamba ni kazi ya kusafisha tu.

Kuhusu LED, kioo cha ndani cha taa kilichongwa kwa ajili ya uzi wa globu ya kawaida, ambao hukaa mahali mahususi kwa usahihi wa sehemu za milimita. Chanzo cha mwanga kikiwa na umbo jingine, mwanga hutawanyika, na ule mstari mkali unaotenganisha mwanga na giza hupotea. Wewe unaona karibu kumeng'aa, lakini mwenzako anayekuja mbele anapofushwa. Nchi nyingi hukataa globu hizo katika taa ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake. Rudisha globu za awali, kisha tazama plastiki ya nje ya taa. Ikiwa imegeuka njano, hapo ndipo mwanga wako ulipopotelea. Isugue kwa msasa laini wenye maji, ukianza na namba 800 na kupanda hadi 2000 au 3000, uipolishi, na umalize kwa dawa ya kuikinga na miale ya jua. Ukiacha hatua hiyo ya mwisho, njano itarudi baada ya miezi michache.

Kupima mwelekeo, egesha gari mahali tambarare likitazama ukuta kwa umbali wa mita 10, tairi zikiwa na upepo sahihi na buti likiwa halina mzigo. Kwa magari mengi mstari wa mwanga mdogo unatakiwa ushuke kwa asilimia 1, yaani sentimita 10 chini ya kimo cha katikati ya taa yenyewe, lakini soma asilimia iliyoandikwa karibu na taa ya gari lako, kwa maana hiyo ndiyo inayotawala. Kama gari lina kitufe cha kushusha taa wakati wa kubeba mzigo, kiweke sifuri kwanza.

#4 — Dereva wa dizeli

Mchango wako ni mzuri, ila umetusahau sisi wa dizeli, na kwetu kipimo ni kikali zaidi kwa injini yenyewe. Mkaguzi hukanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho, gari likiwa limesimama, na kupima weusi wa moshi injini inapopanda hadi mzunguko wake wa juu kabisa, kisha hurudia mara kadhaa. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ninalolifanya ni kujua umri wa mkanda wa taimingi. Mkanda uliopitiliza muda wake unaweza kukatika hapohapo, na valvu zikagongana na pistoni. Kama huna kumbukumbu ya kubadilishwa kwake, ubadilishe kabla ya ukaguzi.

La pili, gari la dizeli linalozungukazunguka mjini tu hukusanya masizi katika njia zote za moshi. Siku moja au mbili kabla, lipeleke safari ya nusu saa barabara kuu, likibeba kazi ya kweli, kwa gia iliyo chini kidogo kuliko kawaida ili injini ipate joto. Siku yenyewe ufike oili ikiwa imepata moto. Filta ya hewa iwe safi, maana moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa. Ukiona moshi wa bluu hiyo ni oili inayoungua, na ukiona mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto, kagua maji ya rejeta. Hizo mbili za mwisho haziponywi na safari ndefu.

#5 — Mchangiaji

Naheshimu maoni yenu, lakini nadhani mnawatwisha watu mzigo. Mimi humwaga chupa ya dawa ya kusafisha nozeli kwenye tangi wiki moja kabla, na sijawahi kurudishwa kwa ajili ya moshi. Kwa nini mtu ahangaike na vipimo vyote hivi?

#6 — Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, dawa hizo sizipingi zote. Zile nzuri za kusafisha nozeli husaidia nozeli zilizochafuka kweli, na kama gari lako lilikuwa na tatizo hilo peke yake basi ulitibu ugonjwa uliokuwapo. Haziwezi kuziba bomba lililotoboka, haziwezi kufufua sensa iliyokufa wala masega yaliyoyeyuka, na hizo ndizo sababu ninazokutana nazo mara nyingi zaidi. Ninachokiogopa ni mtu mwingine kusoma maneno yako, akamwaga chupa mbili kwenye gari linalokosa mlipuko, akaendelea kuliendesha wiki nzima akisubiri dawa ifanye kazi, na masega yake yakafa katika wiki hiyohiyo.

#7 — Fundi wa umeme wa magari

Niongeze upande wangu, kwa kuwa kurudishwa kwa sababu ya taa ndogo ni jambo linaloumiza na linaloepukika. Fanyeni ukaguzi wa taa mkiwa watu wawili, mmoja akikanyaga na kuwasha, mwingine akizunguka gari, na msisahau taa ya namba za usajili wala ile ya breki iliyo juu kwenye kioo cha nyuma. Indiketa ikipiga haraka kuliko kawaida, globu moja ya upande huo imekufa au imewekwa yenye wati zisizo zake. Ukikanyaga breki ukaona na indiketa inafifia au taa nyingine zinawaka kidogo, usibadilishe globu. Hiyo ni ethi mbovu. Umeme umekosa njia ya kurudi kwenye bodi na unatafuta njia kupitia globu za jirani. Fungua nati ya ethi ya taa hiyo, sugua kutu hadi chuma king'ae, kaza upya.

Kuhusu alichosema mwanzisha uzi juu ya kompyuta, naomba mkumbuke kwamba kutoa teminali za betri nako hufuta majaribio katika magari mengi. Kama betri imechoka, ibadilishe mapema, pamoja na kufuta makosa, na baada ya hapo usiiguse mpaka ukaguzi upite.

#8 — Mgeni wa magari

Ahsanteni sana, wakuu. Nimefuata: ABS ilikuwa waya wa gurudumu la mbele kushoto, umebadilishwa na taa inazimika. Ila ukaguzi wangu ni wiki ijayo, na tulipoliinua gari tumeona kutu chini, karibu na pale mkanda wa kiti unapofungwa. Fundi anasema tupake lami nyeusi ya chini ya gari, itaficha.

#9 — Mwanzisha uzi

Ndugu, hapo naomba usimsikilize. Kutu ya juu juu na kutu iliyokula chuma ni vitu viwili tofauti, na mahali ilipo ndipo panapoamua uzito wake. Katika utaratibu wa Uingereza, kwa mfano, chuma kilichodhoofika ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye nanga ya mkanda, ya kiti au ya mguu wa gari huhesabiwa kuwa kosa, kwa sababu siku ya ajali mwili wa abiria utaning'inia kwenye chuma hichohicho. Gongagonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu na hubonyea. Kikiwa kizima, kwangua kutu yote, paka dawa ya kuzuia kutu, kisha rangi, na lami ije mwisho. Kikiwa kimeoza, sehemu hiyo ikatwe hadi kwenye chuma kizima na bamba jipya lichomelewe kuizunguka pande zote. Lami iliyopakwa juu ya kutu hufungia unyevu ndani na kuharakisha uozo, na wakaguzi wengi wakiona lami mbichi mahali pamoja tu hupagonga hapo kwanza.

Umesema ukaguzi wako ni wiki ijayo. Kama kazi ya kuchomelea haitakamilika vizuri kufikia siku hiyo, omba siku nyingine. Na mwambie mchomeleaji atoe betri kwanza ili kulinda kompyuta, kisha ujue kwamba majaribio yataanza upya, hivyo hesabu siku zako kuanzia hapo.

#10 — Mgeni wa magari

Nimeelewa, na nimeahirisha. Je, siku yenyewe kuna lolote la kuzingatia?

#11 — Mwanzisha uzi

Machache. Toa mizigo yote kwenye buti. Pima upepo wa tairi asubuhi zikiwa baridi. Jaza maji ya kuoshea kioo, jaribu waipa, honi na kila mkanda wa kiti kwa kuuvuta kwa ghafla uone kama unakaba. Safisha mahali penye namba ya chesisi ili isomeke bila kutafutwa, na hakikisha inalingana na ile iliyo kwenye hati. Kama nati za tairi zina kufuli, ufunguo wake uwe ndani ya gari. Fika injini ikiwa ya moto, na ukisubiri kwenye foleni usiizime muda mrefu, isipokuwa kama utaratibu wa pale unataka izimwe.

Likirudishwa, usiondoke na neno la mdomo kwamba breki ni mbovu. Omba karatasi yenye tarakimu: nguvu ya kila gurudumu, kiwango cha kila gesi, na jina la kosa lililoandikwa. Karatasi hiyo mpelekee fundi kabla hajafungua nati hata moja, arekebishe kilichoandikwa, na ukirudi ulinganishe tarakimu mpya na zile za kwanza. Mwenzetu wa swali la ABS, ukishamaliza kuchomelea tunaomba urudi hapa utuandikie tarakimu za breki zako, hasa za ekseli ya nyuma, tuzitazame pamoja.